Winga si mlanguzi

Simama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, uulizie kiatu. Kijana atakujibu, "Kipo, bosi wangu," apotelee ndani ya jengo na kurudi na jozi tatu. Viatu si vyake, duka si lake. Bei ya mwenye duka anaijua. Ya kwako anaipanga huku akiitazama saa uliyovaa mkononi. Kinachozidi ni cha juu, na ndiyo riziki yake. Huyo ndiye winga, neno la mpira: mtu wa pembeni anayepeleka krosi, afunge mwingine. Ila huyu na yeye anafunga.

Wazee wakimwona hukumbuka neno jingine: mlanguzi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu wa Tanzania, walanguzi walisakwa pamoja na wahujumu uchumi. Kulangua ni kununua bidhaa kwa wingi na kuiuza kwa bei ya kuruka, mara nyingi baada ya kuificha ili iadimike. Wakati ule sukari na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni. Kenya neno hilo limehamia kwingine. Ukisoma "mlanguzi" gazetini, aghalabu ni wa dawa za kulevya.

Kwangu mimi winga si mlanguzi. Mlanguzi ana ghala. Winga ana miguu na mdomo. Akizidisha, mtaani hatusemi amelangua, tunasema "nimepigwa".

Ukienda Kariakoo, uliza bei kwa watu watatu kabla hujatoa pochi.