Mti wa Nabii Yona na Vita vya Vibuyu

Ukimwuliza mkristu ye yote habari za Nabii Yona, atakusimulia samaki. Samaki amekula sifa zote. Lakini katika sura ya nne, ya mwisho, mna mmea mmoja ambao katika historia ya Kanisa ulileta ugomvi mkubwa kuliko yule samaki. Tunataka kueleza habari zake, maana watu wakuu waligombana kwa ajili yake, na wengine walitaniana vikali.

Kwanza tukumbushane. Yona amekasirika kwa kuwa Mungu amewasamehe watu wa Ninawi. Anatoka, anaketi upande wa mashariki wa mji, jua linamchoma. Mungu anauotesha mmea, nao unampa kivuli, Yona anafurahi sana. Kesho yake alfajiri funza anautafuna, mmea unanyauka, Yona anaomba afe. Mmea huo katika Kiebrania unaitwa kikayoni. Jina hilo halipatikani po pote pengine katika Maandiko Matakatifu, ila katika sura hiyo moja. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Neno likitajwa mara nyingi, mtu hulinganisha mahali na mahali, akapata maana yake. Neno lililo peke yake ni kama mgeni asiye na ndugu kijijini: kila mtu anaweza kumzulia ukoo.

Na kweli walimzulia. Marabi wa Wayahudi walikuwa na sheria iliyokataza kuwasha taa ya Sabato kwa mafuta yaitwayo kiki. Wanafunzi wakauliza: Kiki ni kitu gani? Talmudi ya Babeli inatoa majibu matatu. Rabi Samweli, mwenye elimu wa karne ya 3, alisema kwamba amewauliza mabaharia wote, nao wamemwambia kuwa kiki ni ndege wa miji ya pwani! Mwingine akasema ni mafuta ya mbegu za pamba. Wa tatu, Resh Lakishi, akasema ni kikayoni cha Yona. Tunafikiri wasomaji wetu wanawajua mabaharia wa namna hiyo. Mtu aliyesafiri mbali hapendi kusema «sijui». Afadhali atoe ndege.

Sasa twende kwa wafasiri. Wayahudi waliofasiri Maandiko kwa Kigiriki kabla ya kuzaliwa Bwana wetu, ambao huitwa Wale Sabini, waliandika kolokinta, yaani mmumunye, jamii ya mimea izaayo vibuyu. Tafsiri za kwanza za Kilatini zilifuata Kigiriki, zikaandika vilevile. Hivyo wakristu wa karne za kwanza, Wagiriki kwa Walatini, wote walisikia kanisani kwamba Yona alilala chini ya mmumunye. Wachoraji nao wakachora. Huko Akwileya, kaskazini ya Italia, sakafu ya kanisa lililojengwa na Askofu Theodoro mwanzo wa karne ya 4 ingalipo mpaka leo: Yona amejinyosha kama mtu aliyeshiba, na vibuyu vinaning'inia juu yake. Katika majeneza ya mawe ya Roma ni vivyo hivyo. Mtu asiyejua kusoma alikijua kibuyu cha Yona kwa macho.

Akaja Mtakatifu Yeronimo. Tangu mwaka 386 alikaa Betlehemu, na huko akaanza kufasiri Agano la Kale kwa Kilatini kutoka katika Kiebrania chenyewe, bila kupita kwa Wagiriki. Alipofika kwa Yona, akakuta kikayoni. Hakuandika mmumunye. Aliandika hedera, mmea wa nchi za baridi utambaao juu ya kuta na miti, wenye majani mabichi mwaka mzima.

Je, hakuujua mmea wenyewe? Aliujua sana! Karibu na mwaka 396 aliandika kitabu cha kumfafanua Yona, na humo alieleza kikayoni kama mtu aliyekiona nyuma ya nyumba yake. Alisema ni mti mdogo wenye majani mapana kama ya mzabibu na kivuli kizito. Unasimama kwa shina lake wenyewe. Katika Palestina unaota hasa penye mchanga. Mtu akitupa mbegu, mara inachipua, na baada ya siku chache unaona mti. Tena akasema wazi kwamba mmumunye na hedera yote miwili hutambaa chini, haiwezi kupanda juu bila miti ya kuitegemeza. Basi kwa nini aliandika hedera?

Sababu aliyoitoa ndiyo iliyotufurahisha hata tukaandika makala hii. Alisema Kilatini hakina jina la mti huo. Alitaka kuliacha neno la Kiebrania lilivyo, lakini aliwaogopa walimu wa sarufi. Alijua kwamba walimu hao wakikuta neno wasilolijua katika kitabu, hawatanyamaza, watabuni maelezo. Mmoja atawaambia wanafunzi kwamba ni mnyama wa Bara Hindi, mwingine kwamba ni mlima wa Beotia katika Ugiriki, na wanafunzi wataandika! Kwa hiyo akachukua neno la wafasiri wengine wa Kigiriki waliomtangulia, ambao walikuwa wameandika hedera. Walimu wa sarufi hawangekuwa na la kusema juu ya neno wanalolijua.

Msomaji asidhani Yeronimo alitia chumvi. Yule ndege wa mabaharia alikuwa amekwisha kuruka zamani. Na sisi tunaofundisha katekisimu tunajua jinsi mambo yanavyokwenda darasani: mtoto anauliza mti huo ni mti gani, darasa zima linangoja, na mwalimu ana muda wa kupumua mara moja tu.

Basi Yeronimo alidhani ameukwepa ugomvi, kumbe ameuita. Huko Roma bwana mmoja alimshitaki kwamba amekufuru kwa kuweka hedera mahali pa mmumunye. Bwana huyo alijivunia ukoo wa kale, akisema ametoka katika mbari ya Asinio Polio. Yeronimo, ambaye kalamu yake ilikuwa kali kama pilipili, hakukosa kulitaja jina hilo, maana katika Kilatini asinus ni punda. Halafu akaeleza kwa nini bwana huyo ameudhika: aliogopa kwamba hedera ikiota mahali pa mimumunye, hatapata tena chombo cha kunywea kwa siri gizani. Penye watu wanaokunywa pombe katika kibuyu, mzaha huo hauhitaji mfasiri.

Lakini mambo hayakuishia kwenye mzaha. Mwaka 403 Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Yeronimo barua. Alimwambia kwamba askofu mmoja wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli ya Libia, aliagiza tafsiri mpya isomwe kanisani. Msomaji alipofika penye neno moja la Yona, watu wakasikia kitu kingine, si kile kilichoimbwa tangu mababu. Ghasia ikatokea, na Wagiriki ndio waliozidi kupiga kelele kwamba Maandiko yameharibiwa. Askofu akalazimika kuwauliza Wayahudi wa mji. Hao wakajibu kwamba Kiebrania kinasema sawasawa na Kigiriki. Askofu akalisahihisha neno kana kwamba ni kosa, asije akabaki bila waamini.

Tufikiri kidogo juu ya askofu huyo. Hakufanya ila kusomesha tafsiri mpya, naye alikuwa karibu kupoteza kundi zima kwa ajili ya jina la mmea. Wengine watawacheka watu wa Oea. Sisi hatuwacheki. Mtu aliyesikia neno tangu mgongoni mwa mama yake, akalikuta limeondolewa bila kuelezwa, anajiuliza kesho wataondoa nini. Ndiyo hofu ya Agustino pia: akiona Walatini wanasoma hivi na Wagiriki vile, aliogopa makanisa yatatengana.

Yeronimo alijibu mwaka 404. Alieleza tena habari za mti wake wenye kusimama peke yake. Juu ya Wayahudi wa Oea alisema kwamba ama hawakujua Kiebrania, ama walisema uongo kusudi ili wawacheke «cucurbitarii». Neno hilo tungelifasiri Wana-Vibuyu: karibu kama jina la chama au la dini! Mwaka 405 Agustino akaandika tena kwa upole. Alisema: ikiwa mmea ule si hedera wala si mmumunye, bali ni wa tatu, basi yeye anapenda mmumunye uendelee kusomwa, kwani Wale Sabini hawakuuandika bure, waliona unafanana nao. Hivyo watakatifu wawili walikubaliana kwamba majina yote mawili si ya kweli, na kila mmoja akabaki na la kwake.

Utani mchungu kuliko wote ulitoka kwa Rufino, rafiki wa Yeronimo tangu ujana, ambaye waliishi pamoja Akwileya. Walikuwa wamekosana kwa mambo mengine makubwa zaidi. Mwaka 401 Rufino alitoa shauri: kwa kuwa dunia imekwisha kuzeeka ndipo tumepata ukweli, basi tuandike juu ya makaburi ya wazee wetu kwamba Yona hakuwa na mmumunye, ila hedera, ili wafu nao wajue. Hakuna mzaha unaouma kama wa rafiki.

Je, mti wenyewe ni upi? Wataalamu wengi wa leo wanasema ni mbarika, ambao wengine huuita mbono. Maelezo ya Yeronimo yanaufaa kabisa: majani mapana yenye vidole, shina linalosimama lenyewe, kukua upesi. Wamisri wa kale waliyaita mafuta yake kiki, na Mgiriki Herodoto, katika karne ya 5 kabla ya Kristu, aliandika kwamba yanafaa kwa taa lakini yananuka. Mbarika ni mzaliwa wa Afrika ya mashariki, nao huota hata jalalani. Mafuta yake watoto wengi wamenyweshwa kwa nguvu. Mbegu yenyewe lakini ina sumu kali, wala mtoto asiachwe aitafune.

Tena Yeronimo aliposema Kilatini hakina jina, jina lilikuwapo. Plinio, aliyekufa mwaka 79, alikwisha kuandika kwamba Waroma wanauita ricinus kwa ajili ya sura ya mbegu yake. Maana ya ricinus ni kupe. Ukiokota mbegu ya mbarika, nene, yenye madoadoa, utaona aliyetoa jina hilo alikuwa na macho mazuri na hamu ya kuchekesha.

Hedera ya Yeronimo ilikaa katika Vulgata, ambayo Mtaguso wa Trento uliithibitisha mwaka 1546. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 iliandika mtango, jamii ya ule mmumunye wa Wale Sabini, kwa hiyo watu wa Oea wangeipokea bila ghasia. Na Biblia ya Yerusalemu ya Kifaransa inasema ricin: Yona ameketi chini ya mti wa kupe.