Ua Lililo Ndani ya Nyuzi

Ua la kitambaa kilichochapwa hukaa juu ya uso wake; la kitambaa kilichofumwa huzaliwa pale mtande unapokutana na mshindio. Kwa sababu hiyo mapazia na viti vya majumba ya Ulaya vilivishwa hariri ya Lyon, Ufaransa, na kwa sababu hiyohiyo hariri hiyo ilikuwa ghali. Kila mstari wa ua ulihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba zilizoinua nyuzi za mtande.

Mnamo 1804 Joseph-Marie Jacquard alitengeneza mtambo ulioongozwa na kadi zenye matundu, na mfumaji akaweza kufuma ua bila mvuta kamba. Kazi iliharakishwa, lakini maisha hayakunyooka: mwaka 1831 wafumaji wa Lyon waliasi wakidai ujira wa haki.

William Morris, msanii wa Kiingereza aliyezichukia bidhaa duni za viwandani, hakuukataa mtambo huo. Mwaka 1877 alimwajiri mfumaji kutoka Ufaransa, na mwaka uliofuata akabuni “Bird”, kitambaa kizito cha sufu chenye ndege wawili wawili, kilichofunika kuta za sebule yake Hammersmith, London. Kilining'inia katika mikunjo, nao uzito wake uliistahimili. Juu ya kiti, kitambaa huvutwa na kukaliwa, hivyo hudai ufumaji ulioshikamana zaidi.

Morris alitaka uzuri uwe wa watu wote. Walioweza kuununua walikuwa matajiri.