PPP: kisha sahihi, nani anachunga mkataba?

Dreva wa lori anayetoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa anasimama ku bariyeri, analipa peaji, anakamata risiti na kuendelea. Risiti ile haimwambii nani alitoa pesa za barabara, nani anabaki na zile dola, wala mpaka mwaka gani ataendelea kulipa. Majibu yako ndani ya mkataba, na mikataba hii ni minene, imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, na watu wanaoweza kuisoma mpaka mwisho ni wachache, hata ndani ya biro za Leta.

Mradi wa namna hii, serikali na kampani ya kibinafsi wakijifunga pamoja kwa miaka mingi, unaitwa PPP, partenariat public-privé. Serikali inataka barabara, bandari, maji ao umeme, lakini haina pesa mkononi. Kampani inaleta pesa, inajenga, halafu inatumikisha kile kitu kwa miaka 20, 25 ao hata 30. Inajilipa kupitia peaji, faktire ya mteja, ao malipo ya serikali yenyewe. Mwisho wa muda, kitu kinarudi mikononi mwa serikali. Kwa hiyo si kuuza. Na si soko la kawaida la kazi za umma vilevile, kwa sababu kule mjenzi anajenga, analipwa, anaenda zake. Ndani ya PPP anabaki, na sherti mtu amuangalie kila siku.

Hapa kwetu sheria iko. Ni sheria n° 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018. Mbele yake, sheria ya umeme ya Juni 2014 na ile ya maji ya Desemba 2015 zilikuwa zimekwisha kufungua mlango kwa kampani za kibinafsi. Tena tangu 2015 nchi iko na majimbo 26, na kila jimbo liko na barabara zake, masoko yake na hamu yake ya kutia sahihi. Kule Kinshasa kuna kitengo cha kushauri na kuratibu PPP, kinaitwa UC-PPP. Lakini kitengo kimoja hakiwezi kukaa ku meza ya kila gavana na kila meya. Njo maana neno la mafunzo linarudi kila mara wakubwa wanapozungumzia PPP.

Wanafundisha nini hasa? Programu inayojulikana zaidi duniani inaitwa CP3P. Ilitengenezwa na Benki ya Dunia pamoja na benki zingine za maendeleo, na ilianza kutoa vyeti mwaka 2016. Iko na mitihani mitatu: wa msingi, wa kutayarisha mradi na wa kuutekeleza. Kitabu chake cha mwongozo kiko na sura 8 na kinapatikana bure ku intaneti. Sura za kwanza zinaeleza PPP ni nini, sheria na taratibu zinazotakiwa, namna ya kuchagua mradi na kuupima. Zinafuata kuandika mkataba na kutafuta kampani kwa zabuni. Sura mbili za mwisho zinahusu kusimamia mkataba uliokwisha kutiwa sahihi: wakati wa ujenzi, wakati wa kutumikisha, na siku ya kurudisha.

Kwetu sisi, zile sura mbili za mwisho njo zenye uzito. Kabla ya sahihi kuna wanasheria wa kukodi, kuna wataalamu wanaolipwa na benki, kuna kamera. Kisha sahihi wote wanapanda ndege. Anayebaki ni afisa mmoja na kompyuta yake, mbele ya kampani yenye wahasibu na wanasheria wa kudumu.

Somo gumu zaidi ni la kugawa hatari. Kila mradi uko na mambo yanayoweza kwenda mrama: ujenzi kuchelewa, udongo kuwa mbaya kuliko walivyofikiri, franka kushuka mbele ya dola, wateja kuwa wachache. Mwanafunzi anatengeneza jedwali, na mbele ya kila hatari anaandika nani ataibeba. Kanuni ni kwamba anayeweza kuizuia ao kuipunguza njo aibebe. Kwa mdomo ni rahisi. Tuseme serikali imeahidi kampani kwamba lori 2,000 zitapita kila siku, na zisipofika, itajazia tofauti. Peaji tuseme ni dola 10. Lori zikipita 1,400 tu, zinapungua 600, ni dola 6,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 365: ni 2,190,000 kwa mwaka, na hakuna aliyeziandika ndani ya bajeti. Hili si deni siku ya sahihi, linakuwa deni pole pole. Afisa aliyefundishwa analiona ku karatasi mbele halijafika ku hazina.

Umeme uko na mtego wake. Ngambo ya Ziwa Kivu, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unachota gesi ya metani ndani ya ziwa na kutoa megawati kama 26, kwa mkataba wa miaka 25. Mitambo ya kibinafsi ya namna hii kwa kawaida inauza umeme kwa kampani ya serikali, na mara nyingi mkataba unasema: ukitumia ao usipotumia, utalipa. Kifungu hicho si wizi, bila hicho benki haikopeshi. Lakini kama nyaya za kupeleka umeme kwa wakaaji hazijawa tayari, serikali inalipia umeme ambao haujawasha hata taa moja. Anayesimamia sherti achunge tarehe za pande zote mbili, ya mtambo na ya nyaya.

Kisa ambacho mafunzo haya yanapaswa kukitumia, na ambacho sisi tunaosema Kiswahili tungekijua zaidi, ni cha maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 serikali ya Tanzania iliipa kampani inayoitwa City Water kazi ya kuendesha maji ya mji kwa miaka 10. Ndani yake walikuwamo Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa Kitanzania. Kazi ilikwenda vibaya tangu mwanzo. Kampani ilikuwa imeomba zabuni kwa hesabu dhaifu, na pesa ilizotegemea kukusanya kwa wateja hazikuingia. Mei 2005, serikali ilitangaza kuvunja mkataba.

Hapo njo penye somo. Tanzania ilikuwa na sababu za kuvunja. Mkataba uko na njia yake ya kuvunjwa: barua, siku za kungoja, nafasi ya kurekebisha kosa, halafu kukabidhiana. Lakini waziri alitangaza mbele ya watu wakati siku hazijaisha, mitambo ikakamatwa, na wakubwa watatu wa kampani wakafukuzwa nchini. Biwater ikaenda ku mahakama ya usuluhishi ya ICSID. Julai 2008 hukumu ilitoka: Tanzania ilikosea namna ilivyofanya, ilivunja ahadi zake kwa mwekezaji. Fidia ilikuwa sifuri, kwa sababu City Water ilikuwa imekwisha kuharibika, haikuwa tena na thamani. Tanzania iliponea hapo. Kama kampani ile ingekuwa na afya kidogo, wananchi wangelipia haraka ya majuma machache. Kusimamia mkataba ni pamoja na kujua kuhesabu siku za barua, hata kama kelele za barabarani zinasema fukuza leo.

Kongo nayo iko na kisa chake, ingawa si PPP ya kawaida: Sicomines, mkataba wa madini kwa miundombinu na kampani za China, wa mwaka 2008. Upande wa China ulipata hisa 68 kwa mia, upande wa Kongo 32. Miundombinu ilipangwa kwanza kwa dola miliari 6, ikashushwa mpaka 3 mwaka 2009. Februari 2023 ukaguzi mkuu wa fedha, IGF, ulitoa ripoti: kisha miaka karibu 15, miundombinu iliyofanyika ilikuwa ya dola milioni 822 tu. Machi 2024 wakatia sahihi mabadiliko, miundombinu ikapanda mpaka miliari 7, karibu milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, lakini kwa kutegemea bei ya shaba. Watu walishangilia ile 7. Msomaji wa mikataba anaenda moja kwa moja ku lile neno "kutegemea", anauliza bei ikianguka nani anabeba. Na swali lingine, la kuuma zaidi: katika ile miaka 15, nani alikuwa na kazi ya kulinganisha kila mwaka kilichoahidiwa na kilichojengwa?

Tunavyoona sisi, kosa la mafunzo mengi ni kumpeleka mtu ambaye hatabaki. Mkurugenzi anaenda semina siku tano, anarudi na cheti, kisha mwaka anahamishwa, na mkataba wa miaka 25 unabaki yatima. Afadhali kufundisha watatu wa ngazi ya katikati: muinjinia wa barabara ao wa maji, mhasibu, na mwanasheria, wa biro moja, juu ya mradi mmoja wanaoujua. Sherti pia waachiwe kitabu cha mkataba: daftari lenye kila ahadi, tarehe yake, nani anaidai, na adhabu gani inafuata. Daftari hilo linapita kutoka mtu kwenda mtu, hata minisitiri akibadilika.

Kwa kijana anayetaka kujifunza mwenyewe: anza na ule mwongozo wa bure, usilipe mtu akuuzie. Mitihani yenyewe inalipishwa. Uliza mapema kama masomo na mtihani viko kwa Kifaransa, sababu wengi wamelipa kabla ya kuuliza. Na cheti peke yake hakikupi kazi. Kinachotafutwa ni mtu anayeweza kufungua hesabu za kampani na kuonyesha ku laini gani faida imefichwa.

Na kwa mkaaji ambaye hataki mtihani wowote, wakati gavana ao meya anatangaza PPP mpya ya soko ao ya barabara, mkono uko huru kuinuliwa ndani ya mkutano. Uliza jina na cheo cha afisa atakayeuchunga mkataba kila siku. Uliza bei inaweza kupanda kwa hesabu gani, na nani anakubali. Uliza kama serikali imeahidi idadi ya wateja. Halafu uliza ni mwaka gani wataalamu watakuja kukagua kile kitu kabla hakijarudishwa, sababu kampani inayojua itaondoka mwaka wa 25 iko na kishawishi cha kuacha kutengeneza tangu mwaka wa 21.