Friday the 13th ya Nintendo: Jason si noma, noma ni ramani

Kama umeiweka Friday the 13th kwa emuleta ya simu yako, na dakika tano baadaye gemu ikakuambia wewe na marafiki zako wote mmededi, tulia msee. Si eti hujui kucheza. Hii kitu imesumbua watu tangu 1989.

Stori ni rahisi. Atlus ya Japani ndio waliiunda, LJN wa Marekani wakaiuza kwa mashine ya NES. Imetoka kwa zile filamu za Jason Voorhees, zilizoanza 1980. Wewe unasimamia kambi ya Crystal Lake na vijana sita, kuna watoto 15 wa kulinda, na Jason lazima umchape siku tatu mfululizo. King'ora kikilia, jua ameingia kwa nyumba fulani, na saa inaanza kuhesabu.

Sasa shida kubwa iko hapa. Chukulia uko Naivasha. Unatoka tao ukishika Moi South Lake Road, ziwa liko mkono wa kulia. Kwa ramani unasonga kuelekea kushoto, magharibi. Endelea tu bila kugeuka, zunguka hadi upande wa kaskazini urudi tao: ziwa bado liko kulia kwako, lakini kwa ramani sasa unaenda kulia. Wewe hujabadilisha chochote. Crystal Lake ni hivyo hivyo. Njia inazunguka, lakini kwa skrini unaona tu kulia na kushoto, kwa hivyo ukiwa ufuo mmoja batani inakubaliana na ramani, ukivuka ufuo wa pili inakugeuka. Na haya yote unayapanga king'ora kikikupigia kelele. Wazee wa Nakuru wana stori za watu kupotea Menengai hadi wasijue walikotoka. Wangeielewa hii gemu haraka sana.

Ndani ya nyumba kubwa ni kubaya zaidi. Unaona kwa macho ya mchezaji, vyumba vinafanana, ukigeuka mara mbili hujui mlango uko wapi.

Halafu silaha. Unaanza na mawe, na jiwe linarushwa kwa kona ya juu, so adui mfupi aliye karibu linampita kichwani. Adui wenyewe? Mazombi wanaotoka ardhini. Kwa filamu gani, jameni? Hata vijana hawako sawa: Mark na Crissy wanakimbia na kuruka fiti, lakini ukimpata George ni kama umepewa mtu aliyetoka kula matumbo na ugali sahani mbili.

Jason naye amevaa zambarau na bluu ya kijani kibichi. Watu walicheka miaka, lakini mwaka wa 2013 kampuni ya NECA ikatoa sanamu yake na rangi hizo hizo, na mashabiki wakaitafuta.

Mimi siwezi iita takataka, though. Zile gemu zingine za enzi hizo zilimweka adui mwishoni akikungoja. Huyu anakuja wakati anataka, mara kwa njia, mara ndani ya nyumba, na ukichelewa watoto wanapungua. Hiyo hofu ni ya kweli. Kilichokosekana ni maelezo, na kwa simu hupati kile kijitabu kilichokuja na kanda. Kazi yote umeachiwa wewe: kuna vijikaratasi ndani ya nyumba kubwa vinakutuma nyumba nyingine kutafuta kitu, na ukivipita hutajua kamwe.

Ukitaka kuijaribu wikendi, anza na Mark au Crissy, tafuta kisu mapema uachane na mawe, na king'ora kikilia cheki kwanza uko ufuo upi kabla ya kufinya batani.