Kutoka Orodha hadi Rejesta: Masharti ya Kupanda Daraja la Uuguzi katika Nyanda za Kati

Mji mdogo wa Kibaigwa, uliopo wilayani Kongwa kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, unafahamika zaidi kwa soko lake la mahindi kuliko kwa wodi zake. Hata hivyo, muuguzi mwenye cheti anayefanya kazi katika mji kama huo na kutaka kupanda daraja hukabiliwa na masharti ambayo historia yake ni ndefu kuliko historia ya soko lenyewe. Masharti hayo hayakuzaliwa wodini, kwani tangu mwanzo yalifuata mgawanyo wa elimu ya shule, na kila shule zilipopanuka, kizingiti nacho kilipandishwa.

Katika Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, mafunzo ya uuguzi yalianzia mikononi mwa wamisionari. Chama cha kimisionari cha Kianglikana cha CMS, kilichofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, baadaye kilijenga hospitali Mvumi na Kilimatinde, ambako masista wa Kizungu, wengi wao kutoka Australia, waliwafundisha wasichana wa Kigogo kazi ya wodi na ukunga. Mvumi ndiko alikofanya kazi daktari Paul White kati ya 1938 na 1941, na vitabu vya hadithi alivyotunga kutokana na kazi hiyo vilifanya habari za hospitali hiyo zisomwe mbali na Tanganyika. Aliyefuzu katika hospitali za namna hiyo alitambuliwa kwanza na hospitali yenyewe, na sifa yake ilitegemea zaidi neno la sista aliyemfundisha kuliko kipimo chochote cha nchi nzima.

Hali hiyo ilibadilika kwa sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga ya 1952, iliyozaa Baraza la Wauguzi na Wakunga mwaka 1953. Mfano wake ulitoka Uingereza, ambako sheria ya 1919 ilianzisha rejesta, yaani daftari la wauguzi waliokamilisha mafunzo kamili, na sheria ya 1943 ikaongeza orodha ya pili kwa wauguzi wasaidizi waliofundishwa kwa muda mfupi zaidi na kwa kutumia mikono kuliko vitabu. Tanganyika ilirithi ngazi hizo mbili, na baada ya uhuru zikazoeleka kwa majina ya nesi gredi A na nesi gredi B. Wa gredi A alitoka sekondari na kusomea uuguzi kwa Kiingereza. Wa gredi B, kwa muda mrefu, alitoka shule ya msingi. Chini yao, katika miaka ya 1970, serikali iliongeza wahudumu wa afya ya mama na mtoto, waliomaliza darasa la saba na kupelekwa zahanati za vijijini, ambako mara nyingi hawakuwa na mkubwa wa kumuuliza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, yaani pengo kati ya kazi waliyoifanya na elimu waliyodaiwa. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, wakiwa Rhodesia, walichapisha umbo jipya la patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, likiwa na mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua uliowekwa saa nne mbele yake, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue ni lini ampe mama rufaa. Anayeijaza chati hiyo husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, huandika nguvu ya uchungu, na huweka alama ya njia inavyofunguka. Kisha husoma mwelekeo wa mstari na kuamua. Kazi hiyo imefanywa usiku baada ya usiku na watu ambao, walipoomba kujiendeleza, waliulizwa kwanza ufaulu wao wa Fizikia.

Sharti hilo lilikazwa pale kada za darasa la saba zilipoanza kuondolewa na vyuo kuingizwa katika mfumo wa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, lililoundwa kwa sheria ya 1997. Katika mfumo huo ngazi ya nne na ya tano humpa mwanafunzi cheti, na ya sita humpa stashahada, ambayo ndiyo mlango wa rejesta. Mwombaji hutakiwa awe na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa muuguzi mkongwe asiyepita sekondari, njia iliyobaki ilikuwa mtihani wa maarifa, unaomfungulia mtu mzima nafasi ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na wapo waliosoma Kemia kwa taa ya chumba cha zamu wakiwa na wajukuu. Si haki kuliita sharti hilo la bure, maana hesabu ya dawa ya dripu haimsamehe asiyejua uwiano, lakini ni vigumu kueleza kwa nini miaka 20 ya ukunga haikuhesabiwa popote katika fomu.

Kenya ilijaribu njia nyingine kuanzia 2005, pale shirika la Amref lilipoanza kuwapandisha wauguzi wa cheti kwa masomo yanayotolewa kupitia kompyuta bila kuwaondoa kazini. Upande wa Tanzania, nyanda za kati zilipata vyuo karibu zaidi, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vya 2007, vilileta shahada ya uuguzi mjini Dodoma.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 iliendeleza tofauti kati ya muuguzi aliyesajiliwa na yule aliyeorodheshwa, na leseni ya mmoja haigeuki kuwa ya mwingine kwa kukaa kazini tu. Mwenye cheti aliyeajiriwa huhitaji ruhusa ya mwajiri kabla ya kwenda masomoni, na akishahitimu na kusajiliwa upya bado hubaki katika mshahara wa awali mpaka halmashauri imbadilishie kada, jambo linalotegemea nafasi kuwepo katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha kuwepo katika bajeti ya mwaka huo.