Neno «Protectorate» na Maana Yake

Katika vitabu vya historia, ewe msomaji, utakuta kwamba mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitangaza nchi yetu kuwa «Protectorate». Kwa Kiswahili neno hilo limeitwa himaya, yaani ulinzi au hifadhi. Ni neno tamu masikioni. Natulipime kwa matendo.

Asili yake ni Kilatini, katika maneno mawili: moja maana yake ni mbele, na la pili ni kufunika. Mlinzi, basi, ni mtu asimamaye mbele ya mwenziwe na kumkinga. Lakini huko Uingereza kwenyewe neno hili lilikwisha kugeuka. Mwaka 1653 Oliver Cromwell, mkuu wa jeshi, alishika cheo cha Bwana Mlinzi, akatawala mpaka kufa kwake mwaka 1658. Hivyo kulinda kukawa jina jingine la kutawala.

Sasa tazama yaliyowapata Wamasai. Mwaka 1904 waliondolewa katika Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Baadhi yao walipelekwa Laikipia, kwa mkataba ulioahidi kwamba haungevunjwa maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911, mkataba mwingine uliwataka waihame Laikipia nayo. Baadhi yao wakaenda mahakamani.

Mwaka 1913 mahakama iliamua kwamba nchi ya himaya si nchi ya Uingereza, wala Wamasai si raia wa Mfalme. Mikataba ile ilikuwa mapatano baina ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuyahukumu. Neno lililoahidi kinga ndilo lililowafungia mlango wa haki.

Tena, sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliifanya hata ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa mali ya Mfalme yule yule. Nchi haikuwa yake, bali ardhi yake ilikuwa yake! Mwaka 1920 sehemu kubwa ya nchi iliitwa koloni. Ukanda wa pwani, uliokuwa wa Sultani wa Unguja, ulibaki na jina la himaya hadi mwaka 1963.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Basi ukutanapo na neno la ulinzi katika historia, uliza: Ni nani alindwaye? Alindwa na adui gani? Na je, aweza kumshtaki mlinzi wake?