Mapenzi na Kadi katika Michezo ya Video ya Uhusika
Michezo ya video ya uhusika, yaani ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kuamua mwenendo wake, iliyapa mapenzi uzito mapema kuliko inavyodhaniwa. Katika Dragon Quest V, iliyotolewa Japani mwaka 1992, mchezaji alitakiwa kuchagua mke kati ya Bianca, rafiki wa utotoni, na Flora, binti wa tajiri. Na kwa kuwa watoto wa ndoa hiyo waliingia vitani pamoja na wazazi wao, uchaguzi huo uliigusa familia nzima, hata rangi ya nywele za watoto. Baldur's Gate II, iliyotengenezwa na BioWare ya Kanada mwaka 2000, ilikwenda mbali zaidi, kwani Jaheira, mwenzi wa safari wa mchezaji anayefiwa na mumewe mwanzoni mwa hadithi, hufunguka polepole kwa mazungumzo yanayokatizwa na safari.

Sambamba na hayo ulikuwapo mtindo wa kuwaridhisha mashabiki kwa miili na vionjo visivyoisukuma hadithi mbele. The Witcher, ya Poland, mwaka 2007 ilimzawadia mchezaji kadi zenye picha za wanawake waliolala na Geralt, mhusika mkuu, utaratibu ambao, ukitazamwa leo, ni vigumu kuutetea. Watengenezaji wa mchezo huo waliziacha kadi hizo baadaye, na katika The Witcher 3 ya mwaka 2015 mchezaji aliyewaahidi mapenzi Triss na Yennefer kwa pamoja alijikuta amefungwa pingu kitandani, wanawake wote wawili wakiwa wamekwisha kuondoka.